Mganga wa Farasi na Magonjwa Yanayotoka kwa Nyama

Maneno kwa watu wa vijiji vya kando ya migodi, upande wa Lubumbashi, Kipushi, Likasi na Kasumbalesa

Leo sisemi habari ya mihogo wala ya mahindi. Nataka kuwaambia habari ya mganga wa nyama, na hasa yule anayeganga farasi na punda. Kazi yake ina hatari, na hatari hiyo haikai kwake peke yake: yatoka zizini, yapita mikononi, yaingia nyumbani mwa watu.

Labda mtu atasema: "Farasi ni kitu gani kwetu? Huku hatuna farasi." Ni kweli. Katanga si nchi ya farasi tangu zamani, na sababu yake kubwa ni mbung'o. Mbung'o akimwuma farasi humtia vijidudu vya nagana katika damu. Farasi hukonda, tumbo na miguu huvimba, nguvu humwishia, kisha hufa. Reli ilipofika Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, mwaka 1910, mizigo iliyoshuka kwenye gari la moshi mahali pengi iliendelea mbele juu ya vichwa vya watu. Mwaka ule ule waganga Rodhain, Pons na Van den Branden, pamoja na Bequaert mjuzi wa wadudu, walianza safari ya uchunguzi katika Katanga. Wakakaa hata mwaka 1912, wakitafuta mbung'o na vijidudu vyake katika damu ya watu na damu ya nyama.

Na ng'ambo ya mpaka wetu, katika bonde la Luangwa, likatokea neno kubwa. Mwaka 1910 Stephens na Fantham walieleza kijidudu cha malale cha namna nyingine, kilichotoka katika damu ya mtu aliyeugua huko. Mwaka 1912 Kinghorn na Yorke wakaonyesha kwamba huchukuliwa na mbung'o wa pori. Kijidudu hicho hukaa ndani ya nyama wa pori, na ndani ya ng'ombe pia, mara nyingi pasipo kuwaua. Kisha mbung'o hukitoa kwao na kumtia mtu. Basi tangu mji huu ulipoanza kujengwa, watu wa elimu walikwisha kuona kwamba ugonjwa wa nyama na ugonjwa wa mtu waweza kuwa kitu kimoja.

Sasa sikieni kwa nini nawafundisha kwa habari ya farasi, hali wale walioko Lubumbashi ni wachache, wa kupandwa kwa mchezo. Farasi huku haliwi. Akiugua, mwenyewe hamwiti mchinjaji, amwita mganga. Mganga hukaa naye mzima na mgonjwa, siku nyingi, humtazama kinywani, humpima joto, humshika mate na damu. Lakini mbuzi wenu akianza kulegea, ninyi mwafanya haraka ya kisu, nyama isipotee. Katika Kiswahili cha huku kwetu neno ni moja: nyama anayetembea na nyama iliyo chunguni. Labda ndiyo sababu twasahau kwamba kati ya hizo mbili pana jambo la kuulizwa: huyu alikufa kwa nini?

Ugumu mkubwa wa mganga ni huo. Nyama hasemi, na magonjwa mbalimbali huvaa nguo moja.

Angalieni mfano. Mganga aitwa usiku. Akuta farasi ameinamisha kichwa, mate yanamtoka, majani yametafunwa nusu na kuanguka chini. Mchungaji asema: "Amekwamwa na chakula kooni." Mara nyingi ni hivyo kweli. Mganga hufungua kinywa, hushika ulimi, hutia mkono mpaka nyuma kabisa atafute kilichokwama. Lakini kichaa cha mbwa katika farasi na punda chaweza kuanza vile vile: koo hupooza, hawezi kumeza, mate humwagika. Mwingine hujigaragaza kama mwenye msokoto wa tumbo. Mwingine huchechemea tu mguu mmoja, watu wakadhani amekanyaga msumari. Hapigi kelele, hang'ati mtu siku ya kwanza. Na mate yale yaliyolowesha mkono wa mganga ndiyo yanayochukua ugonjwa. Akiwa na mkwaruzo kidoleni, mlango umekwisha kufunguliwa.

Mganga aliyefundishwa hupigwa sindano za kichaa kabla ya kuanza kazi, ili damu yake iwe tayari. Je, mchungaji aliyemshikia taa na kamba? Na mtoto aliyekuja kutazama, akafutwa shavuni na pua ya farasi? Hao hawana sindano. Hapo mganga ana kazi mbili: kumtazama nyama, na kuwahesabu watu wote waliomgusa, hata wale wanaoficha.

Kichaa cha mbwa kikisha kuonekana kwa mtu, yaani kuogopa maji, kuweweseka, kupooza, hakina dawa. Hili halijabadilika tangu zamani. Lakini kabla ya kuonekana kina dawa, na dawa hiyo ni ya zamani pia: Pasteur alimpiga sindano mtoto Joseph Meister mwezi wa Julai mwaka 1885, na mtoto akapona. Kwa hiyo aliyeumwa na mbwa, paka, punda au nyama wa pori, au aliyeguswa na mate yake penye jeraha, aoshe mahali pale kwa sabuni na maji yanayotiririka muda wa dakika 15. Si kumwagia maji mara moja na kufuta. Dakika 15 ni muda wa ugali kusongwa na kuiva. Oshea mpaka mkono uchoke. Kisha aende hospitali siku hiyo hiyo kupigwa sindano, naye azimalize zote. Msifunge jeraha kwa majani, msipake mafuta ya gari, wala pilipili.

Chanzo chenyewe cha ugonjwa huu ni mbwa. Shirika la Afya la Ulimwengu hukadiria kwamba watu 59,000 hivi hufa kwa kichaa killa mwaka duniani, nao karibu wote waliumwa na mbwa. Wengi ni watoto wa Afrika na Asia. Farasi na punda huupata kwa kuumwa tu, kama sisi. Mbwa 70 katika killa 100 wakipigwa sindano, ugonjwa hukosa njia. Watu wa kisiwa cha Pemba waliufanya hivyo: kichaa kikaisha mwaka 2014. Mwaka 2016 kikarudi kwa mbwa waliovushwa kutoka ng'ambo, wakapiga sindano tena, na mwaka 2018 kikaisha mara ya pili. Pemba ni kisiwa, bahari huwasaidia. Ninyi hamna bahari. Mbwa wa machimbo huandamana na wachimbaji kutoka kijiji hata kijiji, hulala pale panapopikwa, hana mwenyewe. Mbwa wa namna hiyo, nani atamshika siku ya sindano? Mimi naona kazi hiyo ni ya kapita wa machimbo, kwa maana ndiye anayejua nani anamtupia mbwa posho.

Tuache kichaa. Sasa nasema habari ya kimeta, nami nitakaa hapo, kwa sababu kimeta ndicho kinachowagusa ninyi karibu zaidi.

Farasi mwenye kimeta hushikwa na homa kali, tumbo humwuma, shingo na kifua na chini ya tumbo huvimba, na kwa siku mbili tatu au nne amekwisha kufa. Ng'ombe na mbuzi mara nyingi hawangoji hata siku hizo: jioni alikula vizuri, asubuhi amelala. Damu nyeusi isiyoganda humtoka puani, kinywani na nyuma. Mwili huvimba upesi, wala haukakamai kama mzoga mwingine.

Hapa mganga hushikwa pande mbili. Ili ajue nyama alikufa kwa nini, desturi ya kazi yake ni kumpasua na kutazama ndani. Lakini kimeta hakitaki kupasuliwa. Vijidudu vyake vikiwa ndani ya mzoga uliofungwa, pasipo hewa, hufa pamoja na kuoza kwa mzoga. Ukiupasua, hewa ikaingia, vijidudu hujivika ganda gumu, vikawa kama mbegu. Mbegu hizo hukaa udongoni miaka mingi sana, makumi ya miaka. Jua haziogopi, mvua haziogopi. Halafu mwaka mmoja mvua hufukua udongo, ng'ombe wa mjukuu wako hula majani pale, naye hufa. Kwa hiyo mganga mwenye busara akiona damu ile nyeusi hushika mkono wake. Huchukua tone moja la damu sikioni, hulipaka juu ya kioo, hukipeleka penye darubini. Lakini kwanza awe amekuta mzoga mzima. Mara nyingi akifika hukuta ngozi imewambwa, kichwa kimeuzwa na maini yameliwa.

Msidhani haya ni hadithi za mbali. Mwaka 2011, katika Chama, bonde la Luangwa katika Zambia, viboko wasiopungua 80 walikufa kwa kimeta. Watu waliwakata na kula, na mamia wakaugua. Wachunguzi walipowauliza baadaye, waliona kwamba njaa ndiyo iliyowaongoza wengi. Mwaka 2023 kimeta kilienea katika majimbo 9 kati ya 10 ya Zambia. Kufika tarehe 20 Novemba watu 684 walidhaniwa kuwa nacho, na 4 walikuwa wamekufa. Mwajua ninyi wenyewe ni magari mangapi na watu wangapi wanaopita Kasumbalesa killa siku. Na mwezi wa Aprili mwaka 2025, katika nchi yetu hii, viboko wapatao 50 walikutwa wamekufa kwa kimeta katika mto Ishasha, ndani ya mbuga ya Virunga.

Mtu ataniuliza: "Nyama ikipikwa sana, moto hauui ugonjwa?" Nitajibu hivi. Kabla nyama haijafika motoni imepita mkononi mwa aliyechuna, aliyekata, aliyebeba, na mama aliyeiosha. Hao ndio wanaoshikwa kwanza. Kwao kimeta huanza kwa kipele kinachowasha, mkononi au usoni, kisha huwa kidonda chenye weusi katikati, na pembeni pamevimba. Hakiumi sana, na hilo ndilo baya, kwa maana mtu hukiacha. Aliyekula huumwa tumbo, hutapika, huhara damu. Na zile mbegu zenye ganda ni ngumu, wala kupika kitoweo si kinga ya kutegemewa. Tena kimeta cha ngozi ni ugonjwa unaopona kwa dawa za hospitali, penisilini na nyingine, mradi mtu aende mapema na aseme kweli: "Nilimchuna nyama aliyekufa mwenyewe." Akiogopa kusema, akaeleza tu kwamba ameumwa na siafu, mganga wa watu atampa dawa ya siafu. Wazee husema, mficha maradhi kifo humfichua.

Dawa ya kukinga nyama ipo tangu zamani. Mwaka 1937 Max Sterne, mganga wa nyama wa Onderstepoort katika Afrika ya Kusini, alipata namna ya kijidudu cha kimeta isiyoweza kuua, nayo hata leo ndiyo dawa ya sindano ya kukinga ng'ombe, mbuzi, kondoo na farasi katika nchi nyingi. Hupigwa mara moja killa mwaka. Taabu yake ni baridi: dawa ya kuchanjia lazima ikae ubaridini tangu mjini mpaka zizini, na njia zetu wakati wa mvua mwazijua. Mganga aliyekwama siku mbili matopeni kwa kamioni afika na barafu iliyoyeyuka. Watu wamekusanya ng'ombe wao, wamengoja, naye atasema nini? Akipiga sindano dawa iliyoharibika, nyama watakufa na watu hawatamwamini tena. Akirudi nayo, watamwona mvivu. Nimewasikia watu wakiwacheka waganga kwa jambo hili. Si la kuchekwa.

Sasa neno la hasara. Mtu mwenye ng'ombe mmoja au punda mmoja, naye amekufa, aambiwa: "Mfukie wote, na ngozi yake." Ni fedha ya ada ya shule inayofukiwa. Mimi nasema wazi: mkubwa anayetoa amri ile na kwenda zake, bila kuuliza nyumba ile itakula nini, mwaka ujao hatapewa habari ya mzoga. Kijiji chaweza kufanya jambo hapa. Kama wenye mifugo wote watoa kidogo katika sanduku moja, kama wafanyavyo kwa mazishi ya watu, yule aliyefukia kwa ajili ya wengine asiachwe mikono mitupu. Serikali ingefaa kufanya zaidi, lakini sanduku la kijiji halingoji barua kutoka mjini.

Nawasimulia kidogo habari za nchi nyingine, mwone ya kuwa hata penye barabara nzuri na dawa nyingi mganga wa farasi hakosi hatari.

Zamani palikuwa na ugonjwa wa makamasi na vidonda vya farasi, Wafaransa wauita morve. Uliwaua farasi wengi wa majeshi, na ulimwingia mtu kwa pua na kwa jeraha. Mwaka 1891 Kalning, mganga wa nyama wa Urusi, alikuwa akitengeneza dawa ya kuutambua ugonjwa huo katika farasi asiyeonyesha alama. Ukamshika yeye, akafa. Dawa ile ilibaki, na kwa hiyo farasi wagonjwa waliweza kutambuliwa na kuuawa mapema, mpaka nchi nyingi zikasafika.

Jambo la pili ni la karibu. Mwezi wa Septemba mwaka 1994, katika Hendra, mtaa wa mji wa Brisbane huko Australia, farasi zaidi ya 10 walikufa upesi kwa homa na kukosa pumzi. Mwenye kuwafundisha mbio, Vic Rail, alikuwa amemlisha farasi mmoja mgonjwa kwa mkono wake, naye akafa. Kilikuwa kijidudu kisichojulikana na mtu. Baadaye ilionekana kwamba hukaa katika popo wakubwa wa matunda: popo hula na kukojoa juu ya mti, farasi hula majani chini yake. Tangu wakati ule watu 7 wamejulikana kuugua huko Australia, na 4 wamekufa. Wawili kati ya hao waliokufa walikuwa waganga wa nyama, mmoja mwaka 2008 na mmoja mwaka 2009. Farasi waliowaganga hawakuwa na alama iliyosema, "Huu ndio ugonjwa wa Hendra." Waganga wengine wakaacha kabisa kuganga farasi. Mwezi wa Novemba mwaka 2012 ikapatikana dawa ya kuwachanja farasi.

Ugonjwa wa Hendra umeonekana Australia tu. Lakini popo tunao. Killa mwaka, kuanzia Oktoba hata Desemba, mamilioni ya popo wa matunda hukusanyika katika Kasanka, Zambia, si mbali na mpaka wetu. Na ninyi mnaoingia mashimoni jueni habari ya Durba, katika Haut-Uele. Tangu 1998 mpaka 2000 wachimbaji wa dhahabu wa huko, na watu wa nyumba zao, walishikwa na homa ya Marburg. Watu 154 waliugua, 128 wakafa. Wengi wa mwanzo walikuwa wamefanya kazi katika mgodi wa Goroumbwa, na ndani yake walikaa popo. Mgodi ule ulipojaa maji, ugonjwa nao ukakoma. Basi shimo lenye harufu ya popo na kinyesi chao sakafuni si mahali pa kulala wala pa kulia chakula, na popo wa humo si kitoweo.

Sasa mwaweza kuelewa desturi za mganga zinazowaudhi watu. Afikapo hasalimii kwa mkono kwanza. Avaa mipira mikononi na kitambaa puani, hata kama farasi ana kikohozi kidogo. Ataka mtu mmoja tu amshikie kamba, wengine wasimame mbali. Farasi akitokwa na povu puani mwisho wa mvua, mara nyingi ni ugonjwa wa farasi uletwao na visubi wa usiku, unaowaua wengi sana ila haumdhuru mtu. Mganga ajua hivyo, lakini hajui mpaka damu ipimwe, na mpaka hapo humshika kama mwenye ugonjwa mbaya. Si kiburi, wala hadharau kijiji. Katika Lubumbashi kuna chuo kikuu kinachowafundisha waganga wa nyama, na vijana wenu wengine wamesoma huko. Waulizeni, watawaambia vivyo hivyo.

Kwa hiyo nyama akifa ghafula, fanyeni hivi. Msimpasue, msimchune, msimburute kwa kamba njia nzima. Wafukuzeni mbwa, kuku na watoto. Tieni matambara au majani penye pua, kinywa na nyuma, damu isimwagike, lakini msiyashike kwa mikono mitupu. Mfuko wa nailoni ukivaliwa mkononi wafaa kama mipira haipo. Mfunikeni kwa matawi ya miiba. Mtume mtu kwa sultani wa kijiji na kwa mganga wa nyama, aseme siku, saa, na nyama wangapi. Simu ya mkononi yafaa kuliko baiskeli. Na picha ya mzoga ikipigwa kwa simu, mganga ataiona kabla hajaondoka mjini, ajue alete nini.

Mganga akiisha kusema afukiwe, chimbeni shimo pale pale alipofia au karibu sana, mbali na kisima na mto, lenye kina cha mita 2. Ninyi ni watu wa kuchimba, kazi hii haitawashinda. Udongo uliolowa damu, na majani aliyolalia, vitieni shimoni pamoja naye. Zamani watu walipenda kumwaga chokaa juu ya mzoga. Kwa kimeta mafundisho ya sasa yasema iachwe, kwa maana chokaa yaweza kuzisaidia mbegu zake zikae zaidi. Kama kuni zipo za kutosha, kumchoma mpaka awe majivu ni bora kuliko kumfukia. Waliofanya kazi waoge kwa sabuni na kuchemsha nguo zao, na mtu ye yote akiona kipele mkononi katika siku saba zinazofuata aende hospitali. Kisha pandeni miiba pande zote za shimo na kuweka mawe makubwa juu. Mzee mmoja wa kijiji awaonyeshe mahali pale wachimbaji wageni, wasije wakaanza kutafuta shaba hapo.